Jioni mbele ya televizyo: Wafu wenye kuruka mu lupango yetu



Mwezi huu ninaacha mambo ya mapishi na ya masomo. Vijana wa korali wananidai tangu Pasaka: "Mama, sema basi kidogo juu ya filme!" Bon, nitasema. Lakini mujue mbele kwamba miye sikusoma mambo ya sinema fasi yoyote. Ninaonaka sawa vile ninyi munaonaka: bukari imekwisha kuliwa, sahani ziko mu beseni zinangoja asubui, miguu inauma, kitenge juu ya magoti. Filme za kufukuzana, za polisi na wezi, za wafu wenye kuamka usiku, hata zile zenye kutisha na kuchekesha pamoja, ninazipenda. Bibi wengine wa kanisa wanashangaa. Washangae.

Kwetu Kalebuka umeme unakujaka sawa mugeni asiye na adabu: haupigi hodi, na wakati wa kwenda hauagi. Njo maana filme nyingi miye ninajua paka mwanzo yake. Kuko wauaji kama makumi mbili ambao mpaka leo sijui kama walikamatwa.

Siku moja ya Juma tatu hivi tulikuwa mu salon, watoto wetu na wa majirani, wote munane. Mu filme, mwanamuke alikuwa peke yake mu nyumba kubwa. Tulisikia ngazi inalia. Tuliona mukono wa mulango unageuka pole pole. Na pale pale, giza! Umeme umekwenda. Watoto walipiga kelele mpaka imbwa wa avenue nzima walijibu. Kisha wakanyamaza, na hakuna hata mumoja aliyekubali kutoka inje kwenda choo. Kijana wetu wa miaka 17, anayesemaka kila siku kama yeye ni mwanaume, alisema: "Mama, heri tungoje kidogo." Nikawasha tochi ya telefone, nikatangulia, nao nyuma yangu mumoja-mumoja, kila mutu ameshika nguo ya mwenzake. Jirani alituona akauliza kama ni procession ya mutakatifu gani.

Nilipolala nilijiuliza: tuliogopa nini? Hatukuona kitu. Hakuna kisu, hakuna damu. Paka mukono wa mulango.

Kulikuwa Mwingereza mumoja, Alfred Hitchcock, mutoto wa jamaa ya Kikatoliki aliyesoma kwa Wajezwiti kule London. Alitengeneza filme nyingi za aina hii, na alifasiria jambo lenyewe vizuri kuliko wote. Wazia watu wawili wanakaa kwa meza wanasema mambo ya bure, na bomba inapasuka chini ya meza. Utashituka, basi, imekwisha. Lakini kama umeona mbele mutu anaficha ile bomba, na unajua kama itapasuka saa saba, na saa ya ukuta inaonyesha saa saba kasoro robo, yale mazungumuzo ya bure yanageuka mateso. Unataka kupigia kelele televizyo: "Mutoke! Mutoke pale!" Ile ya kwanza inakupa woga wa kufumba jicho, ile ya pili inakupa wa dakika 15. Woga hautoki mu kelele, unatoka mu kujua kitu ambacho yule mutu wa filme hajui.

Lakini wazee wetu walijua kazi hiyo bila kamera.

Ninyi vijana, muliza nkambo wenu juu ya batumbula. Mu miaka ya 1930 na 1940, mu makambi ya Union Minière na mu site ya Élisabethville, watu walisema kama kunakuwa watu weusi waliotumwa na Wazungu kukamata watu usiku. Wanakulewesha kwa dawa, wanakupeleka fasi ya siri, wanakunonesha sawa nguruwe, na kisha unaliwa. Wengine walisema nyama inatiwa mu mikebe. Nkambo yangu, aliyefanya kazi ya shaba tangu ujana wake, alitusimulia habari hii mbele ya mbabula, makala inazimika, na hakupandisha sauti hata kidogo. Alisema tu: "Mutu alitoka kazi ya usiku. Nyuma yake akasikia viatu. Akasimama. Viatu navyo vikasimama." Kisha nkambo ananyamaza, anatafuta tumbako yake mu mufuko, anaitafuta muda murefu... Aksha! Sisi tulikuwa karibu kulia. Nimeona filme za dola milioni nyingi ambazo hazikunifanya vile mufuko wa nkambo ulinifanya.

Hakuna aliyewahi kuona hiyo mikebe. Mwanamuke wa Marekani, Luise White, aliandika kitabu mwaka wa 2000 juu ya habari za namna hii mu Afrika ya mashariki na ya kati, na ya kwetu ya shaba imo pia. Yeye hapotezi wakati kuuliza kama ni kweli ao bongo. Anauliza watu walikuwa wanasema nini kwa njia yake. Na miye ninafikiri ni wazi: mutu anashuka mu kazi akiwa na nguvu, anatoka amekauka, na mwenye kampani ananona. Utasema nani anakula nani? Hadisi ya kutisha mara nyingi ni malalamiko iliyovaa maski.

Tupite kwa polisi na wezi. Hapa nitawaambia wazi: miye ni mutu wa Columbo. Yule mupolisi wa Los Angeles mwenye koti ya kukunjamana na Peugeot 403 ya zamani yenye kutoa moshi. Peter Falk alimuigiza tangu miaka ya mwisho ya 1960 mpaka 2003, na bibi yake anayemutaja kila wakati hatukumuona hata siku moja. Mu Columbo, muuaji unamuona tangu mwanzo. Ni tajiri, daktari, wakili, mutu wa kuvaa vizuri. Tunakaa kungoja paka jambo moja: namna gani yule mutu wa koti mbaya, ambaye matajiri wanamuzarau, atawavua uongo wao pole pole, akiomba musamaha kila mara, akifika kwa mulango, kisha akirudi kuuliza swali moja tena. Ninyi munaokaa mu avenue zisizo na lami, mutanielewa kwa nini tunamupenda. Mu maisha yetu hatuonaka kila siku tajiri anayeulizwa swali la pili.

Bwana yangu, yeye ni mutu wa Derrick, Mujerumani. Vipande 281, toka 1974 mpaka 1998! Watu wanakaa mu viti vya ngozi, wanatazamana, mvua inanyesha, hakuna anayekimbia. Miye ninalalaka mbele ya kujua nani aliua. Halafu mwaka wa 2013, miaka mine na zaidi nyuma ya kifo chake, ilijulikana kwamba Horst Tappert, aliyeigiza ule mupolisi mupole, alikuwa askari wa SS mu vita ya Hitler na hakusema wazi habari ile mu maisha yake. Nilimuambia bwana: "Unaona? Mutu wa kutafuta siri za wengine, yake alifunga mu sanduku." Hakunijibu mpaka kesho yake.

Na Wabelji, wale walioacha kwetu mabarabara na majina, walitoa pia wapelelezi. Hercule Poirot, mwenye mustashi, ni Mubelji, hata kama aliyemuandika tangu 1920, Agatha Christie, ni Mwingereza. Alimufanya mukimbizi wa vita aliyefika Uingereza bila kitu. Mwandishi wa Komisere Maigret, Georges Simenon, alizaliwa Liège, muji ndugu wa Lubumbashi. Vitabu vyao vinaonekana mara mingine kwa wale wanaouzisha vitabu vya zamani chini mu muji. Kijana anayependa filme za siri, mupatie kimoja. Umeme ukikwenda, mushumaa unatosha, na muuaji anakamatwa kweli.

Sasa filme za kwetu Waafrika. *Viva Riva!* ya Djo Tunda wa Munga, ya mwaka wa 2010, ni ya Kinshasa: kijana Riva anarudi toka Angola na essence ya kuiba, wakati muji mzima umekauka, hakuna hata litre. Bwana mukubwa wa Angola anamufuata. Mwaka wa 2011 filme hiyo ilibeba zawadi sita za African Movie Academy. Wazazi, mujue: haiko ya kuona pamoja na watoto, kunakuwa mambo ya kitanda na mauaji mengi, na miye mwenyewe niligeuza uso mara nyingi (si mara zote). Lakini namna inaonyesha essence inavyogeuza akili ya watu, hiyo ni kweli tupu. Mutu aliyepiga mustari nyuma ya "kadhafi" mwenye chupa zake kandokando ya barabara hahitaji mufasiri.

*Nairobi Half Life* ya mwaka wa 2012 ninaipenda zaidi. Mwas, kijana wa kijiji anayeuzisha filme na kuziigiza mbele ya wanunuzi, anakwenda Nairobi kutafuta kazi ya uigizaji. Siku ya kwanza wanamuibia vyote, na usiku analala mu gereza. Muchana anaingia mu teatre, usiku anaingia mu kundi la wezi. Wanasema Kiswahili, hata kama si cha kwetu, na vijana wetu walielewa vizuri, ila maneno ya mitaani tu yaliwapita.

Wazazi wengine wanasemaka: ni filme zinazofundisha vijana wizi. Nimesikia maneno haya tangu wakati wa kaseti za VHS, wakati tulilipa kidogo kuingia mu chumba chenye joto kuona Rambo na Bruce Lee. Yalisemwa hata mbele yetu. Mu miaka ya 1950 kule Léopoldville vijana waliona filme za cowboy wakajiita ma-Bill, kwa jina la Buffalo Bill, wakavaa sawa wao, wakagawa kartie kati yao na kupigana, na wakaunda luga yao. Padri mumoja, Joseph de Laet, hakuwafukuza. Alikaa kati yao mpaka wakamuita Père Buffalo. Serikali ya wakoloni, yenyewe, iliogopa sana: ilichagua filme ambazo Mwafrika anaweza kuona na ambazo hawezi, sawa vile sisi wote tulikuwa watoto.

Miye ninasema hivi. Usiku, huku Annexe, tukisikia masufuria yanapigwa avenue ya tatu, tunajua kama wezi wenye silaha wameingia kwa mutu, na sisi nasi tunapiga ya kwetu mpaka mikono inauma. Wale wezi hawakutoka mu Columbo. Walitoka mu nyumba, mu njaa, mu masomo yaliyoachwa, na wengine mu roho mbaya yao tu. Filme inaweza kumupa kijana namna ya kuvaa kofia na ya kusema kwa pua. Ile tamaa ilikuwa ndani mbele. Vile ninafikiri juu ya filme za wezi. Kwa filme za bulozi nilifikiri vile vile, mpaka mwaka uliopita.

Munajua zile za Nigeria. Zilianza kupata nguvu mwaka wa 1992 na *Living in Bondage*, kaseti ya luga ya Kiigbo: Andy anataka utajiri, anaingia mu kundi la siri, anatoa bibi yake Merit sadaka, mali inakuja, na mufu naye anakuja, kila usiku, mpaka bwana anapata wazimu. Ni hadisi yenye nguvu, siwezi kukataa. Kisha zikafuata mia na mia, na Kinshasa nao wakafanya zao za televizyo, na karibu kila mara mwisho ni mumoja: mulozi anajulikana, pasteri anapiga kelele, pepo inatoka na moshi. Mu soko unapata flashi imejaa, mutu mumoja anasema juu ya picha kwa Kiswahili chetu. Unalipa kidogo tu.

Flashi ya namna ile njo kijana wetu alileta. Jina la filme nimesahau, na heri. Kulikuwa mutoto mwanamuke, mupole, mwenye macho makubwa. Usiku anatoka mu mwili wake, anaruka, anakwenda kula. Biashara ya baba inakufa, mama anapoteza mimba. Watoto waliona yote mu salon yangu. Miye nilikuwa pale. Nilikuwa ninachambua maharagwe, na nilipenda kujua mwisho.

Kati ya wale watoto munane kulikuwa mumoja wa jirani, miaka 9. Sitamutaja. Mama yake alikufa, na shangazi yake alimuchukua. Mutoto wa kunyamaza, mwenye macho makubwa, na usiku alikuwa anakojoa kitandani, jambo ambalo watoto wenye huzuni wanafanyaka. Siku tatu nyuma ya filme, niliona watoto wanakula mu sahani moja, yeye anakula kando. Niliuliza. Mudogo wangu wa miaka 6 alinijibu bila wasiwasi: "Mama, ule anatokaka usiku. Sawa ule wa mu filme."

Wapenzi wasomaji, nilisikia baridi ambayo Hitchcock hakunipa.

Juma moja haikupita, neno lilipanda toka kwa watoto mpaka kwa wakubwa. Shangazi aliuzisha makala, na miezi ile makala haikutoka. Sasa alikuwa na maelezo. Mutu fulani alimuambia fasi ya kumupeleka mutoto "wamuangalie", siku tatu bila kula. Nilikwenda kwake na bwana yangu mangaribi. Bwana alisema habari ya sheria: Katiba ya mwaka wa 2006 na sheria ya kulinda mutoto ya tarehe 10 Januari 2009 zinakataza kumushitaki mutoto bulozi, na mwenye kufanya vile anaweza kufungwa. Shangazi alisikiliza, kisha akasema: "Tata, sheria haijue mambo ya usiku." Miye nikamuambia: "Mama, ile hadisi ilitoka kwangu. Ilitoka mu televizyo yangu. Mbele ya ile siku, nani alikuambia kitu juu ya huyu mutoto?" Alinyamaza muda. Akasema mutoto anaweza kungoja mwisho wa mwezi. Hivyo tu. Tulirudi nyumbani bila kusema.

Kuna filme inayogusa kidonda hiki kwa mukono mwingine: *Augure*, ya mwaka wa 2023. Aliyeitengeneza ni Baloji, aliyezaliwa hapa Lubumbashi mwaka wa 1978 na kukomalia Ubelji. Jina lake lenyewe, kwa Kiluba, ni neno letu "balozi": aliishi na ule muzigo tangu utoto. Ilipata zawadi ya sauti mupya kule Cannes, mu sehemu ya Un Certain Regard, na sehemu yake ilipigwa picha hapa Lubumbashi. Koffi anarudi toka Ulaya na muchumba wake kuomba baraka ya jamaa. Anayemuigiza, Marc Zinga, ni mutoto wa Likasi. Koffi ana alama ya kuzaliwa ku uso, na jamaa walimuita wa shetani tangu mudogo. Anabeba mutoto muchanga wa dada yake, pua yake inatoka damu, tone linaanguka juu ya mutoto, na jamaa yote inasimama. Ile damu ya pua ilinitisha kuliko pepo zote za moshi, kwa maana pale mwenye kutisha si mulozi. Ni wale shangazi na wajomba waliovaa vizuri. Haiko filme ya kuelewa yote mara moja, inakwenda fasi nyingi, na bwana yangu alilala. Lakini ninaomba mapasteri na mapadri waione.

Nilitaka kuionyesha kwa shangazi ya mutoto. Sikuthubutu. Filme ya bulozi tena? Hapana.

Kilichokuja kusaidia kilikuwa kitu cha upuuzi. Ndugu yangu alituletea filme ya Hong Kong ya mwaka wa 1985, *Mr. Vampire*. Wafu wamevaa mikanzu ya wakubwa wa China ya zamani, mwili umekauka, magoti hayakunjiki, basi wanaruka! Mikono mbele, tap, tap, tap. Ukiwabandika karatasi ya manjano yenye maandiko ku paji, wanasimama. Ukizuia pumuzi yako, hawakuoni. Kijana mumoja anaumwa na mufu, na dawa yake ni muchele wa kunata. Wanamutuma mwenzake sokoni kuununua, na mwenye duka anachanganya ndani muchele mwingine wa bei ya chini! Hapo shangazi, aliyekuja kutafuta chumvi na kubaki amesimama kwa mulango, alicheka kwa sauti: "Hata China banafanya vile?" Mutu aliyeuziwa bunga ya kuchanganya anajua mulozi wa kweli ni nani.

Sijui kwa nini kicheko kinafanya kazi ile. Kile kitu cha kutisha kinakuwa bado pale, meno na kucha, lakini umekwisha kukiona kinaanguka, kinapiga kichwa ku mulango. Wamisionari wa Scheut kule Kasai walijua: mu miaka ya 1950 Padri Albert Van Haelst alipiga picha za Matamata na Pilipili, na watu walikufa kwa kicheko. Groupe Mufwankolo wa hapa Lubumbashi walijua, kwa Kiswahili chetu, wakicheza mambo ya wakubwa na ya nyumba bila kuogopa. Kule Kampala, mu kartie ya Wakaliga, Isaac Nabwana alitengeneza mwaka wa 2010 *Who Killed Captain Alex?*, na bunduki za vyuma vya kutupwa, kwa dola zisizozidi 200 vile mwenyewe alisemaka. Watu wanakufa makumi na makumi, na juu ya picha mutu anapiga maneno ya kuchekesha mpaka unasahau kulia. Tanzania walikuwa na Lufufu, jina lake Derek Mukandala, aliyefasiria filme za kigeni kwa Kiswahili na kuongeza maneno yake pale filme ilikuwa inyonge.

Ile jioni niliwaeleza watoto namna ya kutengeneza damu. Mu filme *Psycho* ya mwaka wa 1960, ya Hitchcock tena, damu mu chumba cha kuoga ilikuwa siro ya chokola, kwa maana filme haikuwa na rangi na chokola inaonekana vizuri. Hawakunisadiki. Kesho yake Juma mosi walichukua telefone ya kaka yao, tomate ya mukebe, na bunga yangu (kilo nzima karibu, nitasahau siku gani?), wakatengeneza filme yao nyuma ya nyumba. Walipiga kura nani awe mulozi. Kura ilianguka kwa kijana wetu mukubwa. Alipakwa bunga uso mzima, na alipotoka mu kichaka cha ndizi, hata kuku hawakukimbia.

Ule mutoto wa jirani alisimama kando. Hakuna aliyemuita. Mudogo wangu, yule wa "anatokaka usiku", alikwenda kwake na kipande cha karatasi ya kartable, akakitemea mate, akambandika ku paji. "Weye sasa ni mufu wa Chine. Ruka."

Aliniangalia miye kwanza. Kisha akanyoosha mikono, akaruka. Tap. Tap. Wote wakakimbia wakipiga kelele, yeye nyuma, karatasi inapepea, toka lupango yetu mpaka ya shangazi na kurudi.

Shangazi alikuwa anapima makala mu mulango wake. Mwisho wa mwezi ulipita na mutoto hakupelekwa. Hatukusema tena juu yake, na sijui kama amebadilisha mawazo ao anangoja. Lakini ile siku, mutoto aliporuka mpaka mbele yake na mikono wazi, yule mama alisimama wima, kopo la makala mu mukono, akafunga mudomo na akazuia pumuzi.